Dalili ya Mkono: Kolaji ya Vitu Vilivyotupwa na Uhai wa Kumbukumbu

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa mla ni mla leo, mla jana kala nini? Katika shughuli nyingi za maisha methali hii haina mpinzani. Kilichokwisha kutumika hakina hesabu tena, na mwenye nacho hukitupa bila kugeuka nyuma. Tikiti ya basi hutupwa mara abiria ashukapo. Mkebe wa mafuta ya kupikia huishia jaani mara ukombwapo. Kifungo kilichokatika shatini huviringika chini ya kitanda na kusahaulika. Hata hivyo, ipo sanaa ambayo imejengwa juu ya kuikanusha methali hiyo. Sanaa hiyo ni kolaji, na hasa ile iundwayo kwa vitu vya kawaida vya nyumbani, jikoni na njiani ambavyo wenyewe wamekwisha kuvitupa. Makala haya yananuia kueleza jinsi sanaa hii inavyofanya kazi. Aidha, yanakusudia kujibu swali ambalo aghalabu huachwa likielea: ni nini hasa katika mkebe mkuukuu kiwezacho kuamsha kumbukumbu ya mtazamaji, ilhali picha ya mkebe uo huo, hata ikichorwa kwa ustadi mkubwa, huenda isimwamshie chochote?

Neno kolaji limetoholewa kutoka Kifaransa, na mzizi wake ni kitenzi chenye maana ya kubandika kwa gundi. Binadamu amebandika vitu tangu kale, lakini kama mbinu ya uchoraji yenye jina lake, kolaji huhusishwa na mwaka 1912 nchini Ufaransa. Katika mwaka huo Pablo Picasso alitwaa kipande cha kitambaa cha mpira kilichochapwa mfano wa msuko wa kiti, akakibandika kwenye picha yake, akachora vitu vya mezani kando yake, kisha akaizungushia picha nzima kamba halisi mahali pa fremu. Mwenziwe Georges Braque naye alibandika karatasi za ukutani zilizochapwa mfano wa mbao. Ikumbukwe kwamba wawili hawa hawakuwa wakitafuta kumbukumbu. Walikuwa wakiuchezea mpaka uliopo kati ya kitu na mfano wake, na kwa mchezo huo haikuwa lazima kitu kiwe kikuukuu. Kumbukumbu iliingia katika kolaji baadaye kidogo, na iliingia kwa mlango wa uchakavu.

Taswira na Dalili

Wanafunzi wa semiotiki wanaufahamu utaratibu wa Mmarekani Charles Sanders Peirce (1839–1914), aliyezigawa ishara katika makundi matatu. Ipo ishara inayofanana na kitu chake, kama picha inavyofanana na mtu. Ipo inayotegemea makubaliano ya jamii, kama maneno mengi ya lugha. Na ipo ile iliyoguswa na kitu chake chenyewe, kama moshi unavyotokana na moto au wayo unavyotokana na mguu. Kiswahili kinalo neno zuri kwa kundi hili la tatu, nalo ni dalili. Dalili ya mvua ni mawingu, wala si kwa sababu mawingu yanafanana na mvua. Ni kwa sababu mvua imo ndani yake.

Tofauti hii ndiyo ufunguo wa jambo zima. Picha ya kijiko ni taswira ya kijiko chochote. Kijiko kilicholika upande mmoja, kwa kuwa mtumiaji wake alikuwa akikwangua sufuria kwa mkono wa kushoto miaka ishirini, ni dalili ya mtu mmoja mahususi. Mtazamaji hamjui mtu huyo na huenda asimjue kamwe, lakini hawezi kutilia shaka kwamba alikuwapo. Hapo ndipo kumbukumbu hupata pa kushika.

Lugha yenyewe inaliunga mkono wazo hili kwa njia ya kuvutia. Kitenzi kutupa kina mtendaji: kitu hutupwa na mtu. Kuchakaa hakuhitaji mtendaji wa namna hiyo. Hakuna anayeazimia kukichakaza kiti chake. Kiti huchakaa chenyewe kwa kukaliwa. Uchakavu, kwa hivyo, ni maandishi yaliyoandikwa bila mwandishi kukusudia, na pengine ndiyo sababu huaminika kuliko sanamu ya shujaa iliyosimamishwa uwanjani kwa makusudi.

Tikiti za Kurt Schwitters

Msanii aliyeielewa siri hii mapema ni Mjerumani Kurt Schwitters, aliyezaliwa Hannover mwaka 1887. Vita Kuu ya Kwanza vilipokwisha mwaka 1918, Ujerumani ilikuwa imevunjika kiuchumi na kisiasa. Schwitters alianza kuokota: tikiti za tramu, stempu, karatasi za kufungia vyakula, vifungo, waya, vipande vya mbao na vya magazeti. Alieleza baadaye kwamba kwa kuwa kila kitu kilikuwa kimevunjika, ilibidi kipya kiundwe kwa vigae. Mwaka 1919 aliipa sanaa yake jina la Merz. Jina hilo lenyewe lilikuwa kigae: lilitokana na tangazo la benki ambalo alilikata, na katika neno Kommerz, yaani biashara, silabi ya mwisho peke yake ikasalia katika picha. Ni vigumu kupata mfano bora kuliko huu wa jinsi kitu kilichokatwa kutoka mahali pake kinavyoweza kupata maana ambayo hakikuwa nayo.

Kuanzia miaka ya 1920 alianza kuigeuza sehemu ya nyumba yake mjini Hannover kuwa kolaji kubwa ya kuingia ndani, iliyokuja kuitwa Merzbau. Ndani yake mlikuwa na mapango madogo madogo aliyowatengea marafiki zake. Hans Richter, mmoja wa marafiki hao, alisimulia kwamba pango lake lilikuwa na nywele zake mwenyewe, na kwamba penseli nene iliyochukuliwa katika meza ya msanifu majengo Mies van der Rohe iliwekwa katika pango la msanifu huyo. Inasemekana hata marafiki walianza kuviangalia vizuri vitu vyao Schwitters alipowatembelea! Jambo la kuzingatia ni kwamba msanii huyu hakuhitaji kumchora rafiki. Alihitaji kitu alichokuwa amekigusa.

Utawala wa Wanazi uliichukia sanaa ya namna hii. Mapema mwaka 1937 Schwitters alikimbilia Norwei, na Wajerumani walipoivamia nchi hiyo mwaka 1940 akakimbilia Uingereza, ambako aliwekwa kizuizini kwa zaidi ya mwaka mmoja kama raia wa nchi adui. Merzbau iliteketea mwaka 1943 Hannover iliposhambuliwa kwa mabomu kutoka angani. Lakini popote alipofika aliendelea kuokota na kubandika. Anayezipanga kolaji zake kwa mfuatano wa miaka huona lugha ya karatasi ikibadilika: kwanza Kijerumani, halafu vipande vya Kinorwe, halafu karatasi za peremende na tikiti za Kiingereza. Hakuna mahali alipoandika katika picha hizo kwamba amekuwa mkimbizi. Tikiti ndizo zinazosema. Msomaji wa fasihi atatambua hapa ile mbinu ya kusimulia kwa kutotaja, ambayo waandishi wengi huitafuta kwa jasho na wachache huipata.

Schwitters alifariki kaskazini mwa Uingereza tarehe 8 Januari 1948. Barua ya kumpa uraia wa Uingereza ilikuwa imefika siku moja kabla.

Sanduku la Betye Saar

Iwapo Schwitters aliokota vya njiani, Betye Saar, msanii Mmarekani mwenye asili ya Kiafrika aliyezaliwa Los Angeles mwaka 1926, alianza na vya nyumbani. Utotoni, alipomtembelea nyanya yake katika mtaa wa Watts, alimwona mhamiaji Mwitaliano Simon Rodia akiijenga minara yake maarufu. Rodia aliijenga peke yake kati ya miaka 1921 na 1954, akaipamba kwa vigae vya sahani, chupa zilizovunjika na kombe za baharini. Miaka mingi baadaye, mwaka 1967, Saar aliyaona maonyesho ya Joseph Cornell, mtu wa New York ambaye hakuwa amesomea sanaa lakini alipanga vitu vidogo vidogo ndani ya visanduku vyenye kioo mbele. Kutokana na visanduku hivyo Saar alijifunza kwamba kolaji inaweza kuwa na kina, na kwamba sanduku humfanya mtazamaji ainame na kuchungulia kama anayechungulia siri ya mtu.

Kazi yake ijulikanayo zaidi ni ya mwaka 1972, nayo inaitwa The Liberation of Aunt Jemima, yaani ukombozi wa Aunt Jemima. Kiini chake ni kijisanamu cha jikoni kilichotengenezewa kushikilia karatasi za kuandikia mambo ya kukumbuka. Kilikuwa na umbo la mjakazi Mweusi, mnene, mwenye kitambaa kichwani na tabasamu pana: kikaragosi ambacho biashara ya Marekani ilikitumia kwa miongo mingi kuuzia unga wa chapati tamu. Saar hakukirekebisha. Aliliacha tabasamu lile lile, midomo ile ile, akakipa ufagio mkono mmoja na bunduki mkono wa pili. Nyuma yake alipanga nyuso za Aunt Jemima zilizokatwa kutoka vifurushi vya unga, chini akaweka pamba, na mbele ngumi nyeusi iliyokunjwa.

Baadhi ya wahakiki huiona kazi hii kama bango la kisiasa tu. Mtazamo huo unaikosea haki. Nguvu ya kazi inatokana na ukweli kwamba kijisanamu kile hakikubuniwa na msanii. Kilitengenezwa kwa umakini, kikauzwa dukani na kutazamwa jikoni bila mtu kushtuka. Saar angekichora mwenyewe, mtazamaji angeweza kudai kwamba ametia chumvi. Kwa kuwa ni kitu halisi, dai hilo halina pa kusimama. Kolaji hapa imekuwa ushahidi. Ilikuwa hadi mwezi wa Juni mwaka 2020 ambapo kampuni iliyomiliki jina hilo ilitangaza kwamba ingeliondoa sokoni, miaka 48 baada ya Saar kuunda sanduku lake.

Baadaye, baada ya kifo cha Hattie, bibi wa ukoo wake aliyekuwa karibu naye sana, Saar alirithi vitu vya kike vya kawaida: leso za mkononi, glavu, picha zilizofifia. Kazi ya mwaka 1975 aliyoiita Record for Hattie imetokana na urithi huo. Hapa hasira imetoweka, na kilichobaki ni upole wa mtu anayepanga upya droo ya marehemu. Kila familia inaijua kazi hiyo. Matanga yanapokwisha, nguo hugawanywa, vyombo vizuri huchukuliwa, na hubaki kikapu cha vitu ambavyo hakuna anayevitaka wala anayethubutu kuvitupa: miwani yenye jicho moja, funguo za kufuli zisizojulikana, kitabu kidogo cha hesabu za duka la mtaani. Kumbukumbu za watawala huhifadhiwa katika makavazi na majumba ya makumbusho. Kumbukumbu za mama muuza mboga zimo katika kikapu kile, nacho kwa kawaida huchomwa moto baada ya mwaka mmoja au miwili.

Majerikeni ya Porto-Novo

Barani Afrika, Romuald Hazoumè wa Benin, aliyezaliwa Porto-Novo mwaka 1962, ameipeleka mbali zaidi hoja ya dalili. Malighafi yake kuu ni majerikeni ya plastiki ambayo wasafirishaji wa magendo huyatumia kuvusha petroli kutoka Nigeria kwa pikipiki. Ili jerikeni libebe mafuta mengi zaidi, hupashwa moto likavimba. Plastiki hupungua unene, na siku moja hupasuka. Mara nyingine hulipuka likaondoka na aliyelibeba. Likishaharibika hutupwa. Hazoumè aligundua kwamba sehemu ya juu ya jerikeni, ikikatwa, ni uso: mdomo wa kumiminia huwa kinywa, na mkono wa kushikia huwa pua.

Katika kazi yake La Bouche du Roi, aliyoishughulikia kati ya miaka 1997 na 2005, alipanga vinyago 304 vya aina hii sakafuni kwa umbo la meli, akifuata mchoro maarufu wa meli ya watumwa iitwayo Brookes uliochapishwa Uingereza mwishoni mwa karne ya 18. Jumba la Makumbusho la Uingereza liliionyesha mjini London mwaka 2007, miaka 200 tangu bunge la nchi hiyo lipige marufuku biashara ya watumwa. Kitu kilichovimbishwa kibebe kupita uwezo wake, kikatumiwa hadi kupasuka, kikatupwa: msanii hakuwa na haja ya kutunga sitiari. Aliikuta imelala kando ya barabara. El Anatsui, Mghana aliyefundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Nigeria, Nsukka, amefanya jambo la karibu na hilo kwa vifuniko vya chupa za pombe, ambavyo huviunganisha kwa nyuzi za shaba vikawa mapazia makubwa. Pombe ilikuwa mojawapo ya bidhaa zilizobadilishwa kwa watumwa katika pwani ya Afrika Magharibi. Hata hivyo, uzuri wa mapazia yake ni mkubwa mno hivi kwamba watazamaji wengi huishia kwenye mng'ao wasifike kwenye pombe.

Hapa Nyumbani

Si kweli kwamba fikra ya kutia chombo cha kawaida katika kumbukumbu ni ngeni katika upwa wa Waswahili. Makaburi ya mnara, kwa mfano lile la Mambrui kaskazini mwa Malindi na yale ya Kunduchi karibu na Dar es Salaam, yalipambwa kwa mabakuli na sahani za kauri, nyingi zikiwa za Uchina, zilizotiwa ndani ya chokaa. Vyombo hivyo havikuokotwa jaani. Vilikuwa vya thamani. Lakini tendo lenyewe linafanana: chombo kinaondolewa mezani, hakitaliwa tena chakula, na kuanzia hapo kazi yake ni kumkumbusha mpita njia kuhusu aliyelala pale.

Kwa upande mwingine, Wakenya ni mabingwa wa kuvitumia upya vitu vilivyotupwa, na hapa ndipo tofauti muhimu inapohitaji kuchorwa. Fundi wa jua kali anayetengeneza koroboi kutokana na mkebe anataka mkebe usahau ulikuwa nini. Mteja hanunui historia ya mkebe, ananunua mwanga. Vivyo hivyo karakana ambamo kandambili zilizookotwa ufuoni huoshwa, hubandikwa pamoja na kuchongwa umbo la twiga au kifaru. Jahazi la Flipflopi, lililoundwa Lamu kwa takriban tani 10 za plastiki na kufunikwa kwa kandambili zipatazo 30,000, lilizinduliwa mwaka 2018 na kusafiri hadi Unguja mwaka uliofuata. Lilifanikiwa kuhamasisha umma juu ya uchafuzi wa bahari. Hizi zote ni kazi za kusifiwa. Ila kandambili iliyopigwa msasa imepoteza alama ya kisigino cha aliyeivaa, na pamoja na alama hiyo imepoteza uwezo wa kukumbusha. Wanafunzi wa sanaa wanaochanganya mambo haya mawili huishia kutoa kazi safi, yenye rangi za kupendeza, isiyomkumbusha mtu yeyote kitu chochote.

Cyrus Kabiru, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, hajaingia katika mtego huo. Anajulikana kimataifa kwa miwani mikubwa anayoiunda kwa waya, vijiko, vifuniko na vyuma alivyovipata katika mabaki ya jiji. Amesimulia hadharani kwamba aliitamani miwani tangu utotoni, na baba yake akamwambia kwamba akiitaka ajitengenezee. Lakini kwa mada ya makala haya, kazi zake zenye uzito zaidi ni zile za baiskeli za Black Mamba. Baiskeli hizo nzito, zenye kibebeo kipana nyuma, zilibeba maziwa, magunia, wagonjwa na maharusi kote mashambani. Ndizo zilizozaa hata neno bodaboda katika mpaka wa Busia, kabla ya pikipiki kulitwaa jina hilo na kuzisukuma baiskeli pembeni. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Kabiru hukusanya vipuri vyake na kuviunganisha kuwa maumbo mapya, lakini kengele hubaki kengele na pedali iliyolika hubaki imelika. Mtazamaji aliyewahi kupakiwa juu ya kibebeo kile akipelekwa shuleni huenda asijali jina la kazi. Makalio yake yanakumbuka.

Namna ya Kuunda

Kutokana na mifano hii, utaratibu wa kazi unaweza kuelezwa kwa maneno machache. Msanii hukusanya kwanza bila kujua atakachounda, na hatua hii inaweza kuchukua miezi. Haoshi kila kitu. Mafuta na mabaki ya chakula huondolewa kwa kuwa huleta mende na ukungu, kwani la kuvunda halina ubani; lakini doa la chai, mkunjo wa karatasi, jina lililokwaruzwa chini ya sahani, kutu isiyomeguka, hivyo huachwa. Kisha vitu hupangwa juu ya ubao bila gundi na kuangaliwa kwa siku kadhaa. Vingi huondolewa. Ukaribu wa vitu viwili ndio sentensi ya kolaji: kifungo cha sare ya shule kando ya risiti ya hospitali husema jambo ambalo hakuna kimoja kati ya hivyo kingeweza kulisema peke yake.

Gundi huja mwisho. Gundi ya unga ni rahisi lakini huliwa na wadudu. Gundi nyeupe ya seremala hudumu zaidi kwa karatasi na mbao, na vitu vizito hufungwa kwa waya au misumari. Karatasi ya gazeti hugeuka manjano na kukatika kwa sababu ya mwanga na ya asidi iliyomo ndani yake, hivyo kazi haifai kutundikwa mahali penye jua.

Lipo pia suala la maadili, nalo si dogo. Kubandika ni kuharibu. Picha ya pekee ya marehemu ikishagandishwa ubaoni haitarudi katika albamu ya familia. Vilevile, si kila kitu kikuukuu ni mali ya msanii. Kuna nyumba ambamo bado kimehifadhiwa kipande, ile hati ambayo wanaume Waafrika walilazimishwa kuibeba nchini Kenya tangu mwaka 1920, aghalabu ndani ya kikasha cha chuma kilichoning'inia shingoni. Kipande halisi chenye jina na alama ya kidole ni waraka wa historia, na mahali pake ni kwa wenyewe au katika makavazi. Msanii anayekihitaji atumie nakala, na akubali kwamba nakala itakuwa taswira, haitakuwa dalili. Hasara hiyo ni ya haki.

Kuhusu vitu vya leo, hali inaelekea kuwa ngumu. Abiria wa Nairobi anayelipa nauli kwa simu hapewi karatasi ya kumwangukia mfukoni. Kadi za kukwaruza za muda wa maongezi, ambazo miaka ya 2000 zilitapakaa katika kila kituo cha matatu, zimepungua sana. Ukuta wa mwisho wa Schwitters, alioujenga kwa lipu na vitu vya kuokota ndani ya banda moja katika kijiji cha Elterwater na kufariki kabla ya kuumaliza, uling'olewa mzima mwaka 1965 na kuhamishiwa katika jumba la sanaa la Hatton mjini Newcastle, ambako mtazamaji anaweza kuona vitu hivyo vikichomoza katika lipu. Ujumbe wa simu haujawahi kuchakaa.